Mheshimiwa Bega Bovu

Baba, shikamoo.

Nasubiri umalize kupiga randa ndipo uitikie. Ndivyo ulivyokuwa. Mtu akisimama mlangoni mwa karakana akakusalimu, ulimaliza kwanza mstari uliouanza, ukapuliza maranda, ndipo ukatoa marahaba yako nzito kana kwamba nayo umeichonga. Safari hii usiharakishe. Nina mengi ya kukuambia na mengine ni ya aibu.

Kwanza habari njema. Jumamosi tumelijengea kaburi lako. Fundi amelisakafia vizuri. Ungelikagua ungekuta kona moja haijakaa sawa, ungemgombeza, halafu ungemwagizia chai. Mama hajambo. Goti bado linamsumbua, ila amecheka, Baba. Amecheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji na kitenge chake kipya. Tangu tukuzike mwaka jana alikuwa anatabasamu tu, tena kwa adabu, kama mgeni nyumbani kwake. Nitakueleza kilichomchekesha, lakini siwezi kufika huko bila kukiri kosa langu, na kosa lenyewe lina zaidi ya miaka ishirini.

Linamhusu Bega Bovu.

Unamjua kuliko mimi, lakini niache nisimulie tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitakimbia.

Alikuja Tabora kijana, mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Marekani, mwembamba, shingo imeiva kwa jua. Alitaka meza. Ulipomaliza kuichonga alikataa kutafutiwa mkokoteni, akasema ataibeba mwenyewe begani mpaka shuleni. Aliiangusha mara tatu kabla hajatoka mtaani kwetu, Ng'ambo. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Wewe ulimfuata nyuma, si kumsaidia, kuhesabu tu. Alipoiangusha ya tatu ukamwambia kwamba kuanzia leo jina lake ni Bega Bovu. Akauliza watu wanacheka nini. Ukamjibu kwamba amekuja kuaibika mbele ya watu wasiofaa kabisa, wajukuu wa wapagazi, na kwamba babu yako alitoka hapa hapa na pembe begani mpaka Bagamoyo, akarudi, na bega lake likiwa zima.

Hapo hapo ukampa utani. Hoja yako naijua kwa moyo kwa sababu uliirudia kwa kila mgeni: Wagogo, Wazaramo, wote ambao wapagazi wetu walipita kwao, ni watani zetu. Huyu naye kaja kwa njia ile ile, tena yeye kabebwa na treni kama gunia la karanga. Kwa hiyo ni mtani na hana pa kukata rufaa.

Naye hakuwa mzembe. Aliliona kopo lako la misumari iliyopinda, ile uliyokuwa huitupi kwa kuwa utainyoosha kesho, akakuita Msumari Uliopinda. Miaka miwili mlitukanana kila alipotoka shuleni. Mama anasema ulikuwa unafunga karakana mapema siku ambazo hakuja.

Aliporudi kwao, kwenye jimbo lake la mahindi na theluji, barua zikaanza. Wewe shule hukwenda, kwa hiyo karani mmoja wa posta alikuandikia, na nilipofika darasa la tano kazi ikawa yangu. Nilimwona akipanda cheo kupitia kalamu yangu. Alikuwa mwalimu, akaingia kwenye kamati ya shule za wilaya yao. Akagombea bunge la jimbo, akashindwa. Ukamwandikia kwamba wapiga kura wa kule wana akili kuliko ulivyodhani. Akagombea tena, akapita; ukamwandikia kwamba unaifuta ile sifa uliyowapa wapiga kura. Majibu yake yote yalianza namna moja: "Msumari Uliopinda, bado hujafa?" Ulikuwa unacheka kabla sijafika mstari wa pili.

Unakumbuka na utaratibu wetu. Wewe unatamka, mimi naandika kwenye daftari. Nakusomea, unarekebisha, unaongeza tusi moja pale ulipoona pamepoa. Kisha nanakili kwenye karatasi safi na kuipeleka posta. Daftari linabaki kwangu.

Alipochaguliwa kuwa gavana nilikuwa kidato cha pili. Watu walikuja karakana kukupongeza kana kwamba wewe ndiye umechaguliwa, na mwalimu wangu mmoja aliniuliza kama kweli baba yangu anaandikiana na mtu mkubwa vile. Wewe ulisema tu, "Hapa karakana hakuna gavana." Ukaniita nichukue daftari. Ulichotamka ninacho hapa mbele yangu: "Bega Bovu, nasikia umepewa jumba na walinzi. Siku ukifa nitakuja mwenyewe. Nitawafukuza walinzi wako, nitalala ndani ya kaburi lako, na sitatoka mpaka mjane wako anipe mbuzi na koti lako jeusi."

Mtani gani hajasema hivyo? Nilinakili neno kwa neno.

Ndipo ikaja ile bahasha ndefu yenye muhuri. Haikutoka kwake, ilitoka ofisini kwake, kwa Kiingereza, imepigwa chapa. Uliniuliza wanasemaje. Nilikuambia wanasema wamepokea. Hawakusema hivyo, Baba. Walikuwa wamemtafuta mtu wa kuitafsiri barua yako, na sasa walitaka kujua wewe ni nani, unafanya kazi gani, na ulikuwa na nia gani uliposema utawafukuza walinzi wa gavana na, kama walivyoelewa wao, kumlaza kaburini. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Nikawaza polisi wanaingia Ng'ambo, wanakufunga pingu na maranda yako kichwani. Niliogopa hata kula.

Nikaandika majibu peke yangu, kwa Kiingereza cha shule na kamusi ya kuazima, nikaomba radhi kwa niaba yako. Lingekuwa kosa dogo kama ningeishia hapo. Sikuishia hapo.

Tangu siku ile ulitamka, nikaandika kwenye daftari, nikakusomea yote kama ulivyosema, ukacheka. Kisha niliponakili nilibadilisha. "Bega Bovu" ikawa "Mheshimiwa Gavana". "Nasikia barabara zako zina mashimo kuliko meno yako" ikawa "Tunakutakia kila la heri katika ujenzi wa taifa". Nilijiona mjanja. Nilijiona nakulinda, na nitasema kweli yote: nilijiona pia nakusitiri. Nilikuwa nasoma na watoto wa wakubwa, na niliona haya kwamba baba yangu anamwandikia gavana mambo ya kopo la misumari.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtani akianza kukuita kwa heshima, kuna jambo limemuudhi. Nilijua. Mnyamwezi gani asiyejua hilo? Lakini nilidhani mtu akiwa mkubwa kiasi kile, utani unakwisha wenyewe, na anayeendelea kumtania ni mshamba asiyejua wakati umebadilika.

Barua zake zikapungua maneno. Kisha ikaja moja fupi, kwa mwandiko wake, na hiyo sikukusomea. Nilikuambia ni salamu za Krismasi. Ilisema: "Umeniita Mheshimiwa mara tano katika ukurasa mmoja. Nimekukosea nini?"

Niliificha kwenye sanduku langu la shule. Kuijibu kungenilazimu kukuambia. Nikamjibu kwamba hakuna kosa lolote, Mheshimiwa. Baada ya hapo zikawa zinakuja kadi tu, zile zilizochapwa tayari, jina lake chini.

Ulikuwa unaigeuza kadi, unaangalia nyuma, unachungulia ndani ya bahasha kama kuna kilichobaki. Ukaniuliza, "Kalunde, mbona hanitukani tena?" Nikasema ana kazi nyingi. Ukachukua randa. Ile sauti yako bado ninayo masikioni.

Alimaliza vipindi viwili vya ugavana, akagombea useneta, akashindwa. Siku tuliposikia ulifurahi, Mungu akusamehe, kwa sababu ulipata la kumwambia. Nimelikuta daftarini: "Bega Bovu, nilijua mzigo utautua njiani. Njoo huku nina ubao wa mninga unakusubiri. Tutaanza upya, pole pole, mara hii nitakushikia upande wa nyuma." Nilikusomea, ukaniambia nisiongeze kitu, imetosha. Nilichotuma mimi ni mistari miwili ya kusikitishwa na matokeo.

Hakujibu hata kwa kadi. Ukasema cheo kimemla mwenzako, hata baada ya kukiacha bado kinamtafuna. Na ulipokuwa kitandani mwaka jana ulisema, "Nikifa mwambieni Bega Bovu, hata kama kaninyamazia." Niliitikia ndiyo.

Sikumwambia. Siku ya mazishi jirani yetu Mgogo, muuza kahawa, alifanya kazi yake ya utani: aliruka kaburini na kofia yako kichwani, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka, wakalia, kama inavyotakiwa. Lakini mtani wako hasa hakuwapo, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Nilishika udongo wangu nikaurusha nikiwa nimeinamisha uso, watu wakadhani ni uchungu tu.

Unajua kazi ninayofanya sasa: ile steshenari yangu ya mtaa wa Kanyenye. Watu wanakuja wanatamka, mimi nachapa. Miezi mitatu baada ya msiba alikuja mama mmoja kutoka Choma, anataka kumwandikia mdogo wake aliyeko Dar es Salaam. Alitamka maneno makali hasa, ya dada aliyechoka kusubiri. Vidole vyangu vikaanza vyenyewe kulainisha. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea nilichochapa. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, huyo siyo mimi. Atadhani nimekufa, kaandika mtu mwingine." Nilifunga duka saa nne asubuhi, nikarudi nyumbani, nikalitoa daftari.

Sikuwa na uhakika kama yuko hai. Nilimtafuta mtandaoni, nikampata bintiye. Nikamwandikia Bega Bovu yote haya ninayokuandikia wewe, kisha nikapiga picha kila ukurasa wa daftari, tangu jumba na walinzi mpaka ubao wa mninga, nikatuma. Wiki mbili sikula vizuri. Nilisema moyoni, akininyamazia ana haki.

Akajibu kurasa tatu kwa mkono wake, kwa Kiswahili kilichochakaa lakini bado kimesimama. Mstari wa kwanza: "Kalunde, wewe ni mwizi. Umeniibia matusi yangu miaka yote hiyo, na baba yako amekufa akidhani mimi ni mtu mwenye cheo."

Nililia hapo hapo dukani, mteja anasubiri kutoa nakala ya cheti.

Anasema hakuwahi kuambiwa habari ya ile bahasha yenye muhuri. Anasema kuna mwaka alipandisha kodi kwa ajili ya shule za vijijini na kujenga madaraja, watu wakaandamana, wakatengeneza sanamu yake kwa majani makavu na kuichoma mbele ya ofisi. Wasaidizi wake walitaka atokee mlango wa nyuma. Yeye akatokea wa mbele, akawaambia yule wa majani ana sura nzuri kuliko yake. Wakacheka, wakakaa wakazungumza naye. Magazeti yakaandika kwamba gavana ni jasiri. Anasema ujasiri hakuwa nao kabisa, ila alishazoea Ng'ambo: mtu aliyetukanwa na wewe kila siku kwa miaka miwili, huku ukimkatia muwa, hawezi tena kuogopa kelele za watu.

Na anasema hivi, nainakili kama ilivyo: "Usiku niliposhindwa useneta nilipokea simu nyingi za pole. Nilikuwa nasubiri barua moja tu ya kunicheka. Ikaja barua ya kusikitishwa. Nilijua hapo kwamba nimempoteza Msumari, na hilo liliniuma kuliko kura."

Baba, nisamehe. Nilikulinda na watu ambao hawakuwa na habari na wewe, nikakunyang'anya mtu aliyekuwa anakusubiri. Najua hutanijibu. Yeye naye amesema hawezi kunisamehe kwa niaba yako. Amezeeka, moyo unamsumbua, daktari amemkataza ndege. Lakini alinipa kazi: atanitumia maneno ya mtani, niyasome kaburini kwako mbele ya watu, na nisipunguze hata moja. Akapigia mstari hapo kwenye "hata moja".

Ndiyo maana nikawaomba ndugu tulijengee kaburi mapema.

Jumamosi makaburini walikuwapo wote, kwaya ya kanisani, mafundi wenzako, na mchungaji mpya, kijana, si mtu wa huku, haijui mila yetu sawasawa. Mchungaji akaomba. Kisha nikasimama na karatasi. Simu niliiweka juu ya msalaba wako, maana Bega Bovu alitaka kusikia, na kule kwao kulikuwa hakujapambazuka. Nikaanza:

"Msumari Uliopinda, kwa hiyo umekufa. Hii ni kazi ya kwanza kuimaliza kabla mteja hajaja kugomba mara tatu."

Mafundi wenzako waliangua kicheko mpaka mmoja akaangusha mwiko. Nikaendelea. Halafu nikaufikia mstari uliokuwa umeninyima usingizi: "Wanasema unakwenda mbinguni. Nawahurumia. Wakikupa kutengeneza lango, watakatifu watalala nje." Nikamwona mchungaji ameshika Biblia yake kwa mikono miwili. Baba, macho yangu yalikwisha kuanza kutafuta neno laini. Nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ndipo sauti ya kizee ikatoka kwenye simu: "Soma, wewe!"

Nikasoma, tena kwa sauti. Mchungaji alikohoa, akageukia pembeni, na nilipoona mabega yake yanatikisika nikajua yuko pamoja nasi.

Kisha la mwisho: "Ile meza uliyonichongea ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nilijua siku ya kwanza. Niliweka kitabu chini yake miaka miwili nikanyamaza kwa kukuonea huruma. Leo huwezi kunijibu, kwa hiyo nasema mbele ya watu wako: iliyokuwa mbovu ni meza, si bega."

Hapo Mama akapiga kelele kutoka nyuma, "Hata kabati langu linayumba!" Ndipo akakaa juu ya mfuko wa saruji, akicheka, machozi yanamtoka, anajipiga paja. Kwenye simu nako yule mzee alikuwa anacheka na kukohoa, na bintiye anamwambia apumue.

Muuza kahawa akalala juu ya kaburi kwa niaba ya mwenzake, akasema hakuna saruji kumwagwa mpaka Bega Bovu apewe randa yako. Mama akakataa katakata. Wakavutana, kwaya inashangilia, mpaka wakaafikiana apewe msumari mmoja kutoka kwenye kopo lako. Nilikwenda nao posta jana, ndani ya bahasha, umefungwa kwenye kitambaa. Umepinda vile vile. Karani aliniuliza ni wa nini, nikamwambia ni wa gavana, akacheka akidhani ninamtania.

Leo asubuhi kaniandikia tena. Anasema kwa kuwa hupo, utani nimeurithi mimi, nami sina pa kukata rufaa. Amenipa jina: Kifutio. Nimekaa na simu mkononi nusu saa, kisha nikamjibu. Nimeanza, "Bega Bovu, bado hujafa?" Nikabonyeza kutuma.

Sasa lala, Baba. Mtani wako anasema usijinyooshe sana huko, umwachie nafasi, na usiibebe meza peke yako. Nakuahidi nitamtukana kwa niaba yako kila mwezi mpaka mtakapoonana, na nitakapokosa la kusema nitasoma ya kwako. Mama atakuwa ananisahihisha pale panapopoa.

Haya yote nimeyaandika kwenye kurasa za mwisho za lile daftari letu. Zimebaki mbili, nazo naziacha wazi, labda una la kuongeza. Kwenye karatasi safi siyanakili.

Mwanao,
Kalunde